Hakuna Aliyemsindikiza Bibi Marta

Kutoka Ngokolo

Jumatatu, tarehe 3 Machi 1952. Asubuhi kulikuwa na manyunyu, yale ya kuudhi, ambayo hayalowanishi shamba wala hayamwachi mtu akauke. Ndivyo nilivyoandika kwenye daftari langu siku hiyo. Nikisoma sasa naona si kweli kabisa, maana shamba lililowana. Basi tuseme ilikuwa mvua ndogo.

Nyinyi wa kibarazani mmeniuliza mara nyingi tangu nirudi: yule mama wa Kizungu alifuata nini kule Geita, na kwa nini watu hawa wakishafika huku kwetu hawaachi kurudi? Najua mlivyobishana nyuma yangu. Hamisi wa baiskeli alisema amezika dhahabu mahali. Mzee Shaabani alisema ni jua, kwamba mtu aliyekwisha kuota jua la bure hawezi tena kukaa kwenye baridi. Mwalimu Petro alisema wanarudi kwa sababu huku wanaitwa mabwana na kwao wanapanga foleni kama watu wengine. Mimi sikujua. Sasa najua kidogo, lakini mimi ni fundi cherehani, shule niliishia darasa la nne, na inawezekana hata hicho kidogo nimekielewa vibaya. Nitaeleza kama ilivyokuwa, na mahali nilipofanya kosa nitasema ni mimi.

Jina lake ni Bibi Marta. Alikuwa mama mtu mzima, mwembamba, nywele nyeupe, na viatu vya kiume. Kiswahili alikuwa nacho, lakini kile cha jikoni, cha lete na peleka, maana ndicho walichomfundisha zamani. Si haki kumpima nacho, kwa sababu mwenyewe hakuwa mtu wa kuamrisha. Alinichukua mimi niwe mkalimani wake kwa kuwa mama yangu ni Msukuma wa Kishapu, nikakua na Kisukuma kinywani, na huko alikokuwa anakwenda Kiswahili kilikuwa hakitoshi.

Siku ya kuondoka mke wangu, Mama Zuhura, alikuwa amekaa kizingitini anapepeta mtama. Nilipochukua mfuko wangu alisema, "Haya," akaendelea kupepeta. Jirani yetu alinisindikiza na mvua ile mpaka relini, akiwa na mtoto mgongoni. Mke wangu hakuinuka. Niliondoka na kinyongo, na kinyongo hicho nilikibeba mpaka Malampaka. Simsemi mtu wa nyumbani kwangu. Jambo hilo nalitaja kwa sababu mbele litahusika.

Gari la moshi

Bibi Marta alipanda daraja la pili na mimi la tatu, kama ilivyo. Tulipofika Malampaka treni ilisimama, tukaambiwa mbele maji yamekula tuta la reli na mafundi wanalijaza mawe. Tukakaa hapo tangu saa tano mpaka jioni.

Kwa kusimama huko ndipo tulipoanza kujuana. Alishuka, akanitafuta kati ya watu, akaketi juu ya sanduku lake karibu na wauza karanga. Alinunua mayai ya kuchemsha, akala mawili kwa chumvi. Bibi mmoja muuza karanga aliniuliza kwa Kisukuma kama kwao Wazungu wanawake wanakula mayai, maana mila ya Kisukuma inawakataza mayai na kuku. Nikamjibu kwamba wanakula. Bibi yule akamtazama Bibi Marta kwa huruma, akamwongezea karanga konzi moja bila kulipwa. Bibi Marta alifurahi, akataka kujua amefanya jema gani. Nilimwambia kwamba ni ukarimu wa watu wa hapa. Haikuwa uongo, lakini haikuwa kweli yote, na mtaona kwamba tabia hiyo ya kupunguza maneno makali ilianza mapema.

Nilimwuliza kama hii ni mara yake ya kwanza kurudi tangu zamani. Akaonyesha vidole vitatu. Mara ya kwanza, vita ilipokwisha, alifika Dar es Salaam, akakaa wiki mbili anatazama watu sokoni, akarudi kwao. Mara ya pili alifika Mwanza. Alisimama ufukoni, akaona milima ya ng'ambo, akapanda meli akarudi. Watoto wake wamemwambia kwamba ana wazimu, na mwaka huu hawakumpeleka bandarini.

"Kwa nini hukuvuka?" nikamwuliza.

"Ogopa," alisema.

Sikumwuliza anaogopa nini. Nilidhani simba.

Mwanza

Tulifika Mwanza Jumanne asubuhi. Yeye alikwenda hotelini, mimi kwa binamu yangu Mabatini, na pantoni ilikuwa imeharibika, kwa hiyo tukakaa siku nzima zaidi ya tulivyokusudia. Binamu yangu alinilisha sato wa kuchemsha na ndizi mpaka nikaona aibu. Nilikwenda kumwangalia Bibi Marta mara mbili. Mara zote alikuwa amekaa kwenye mawe, uso kuelekea ng'ambo, na sanduku lake limefungwa kamba kana kwamba pantoni ingekuja wakati wowote. Nilimwambia pantoni ni ya kesho. Akasema anajua, lakini akiingia ndani atabadili nia.

Niliandika jioni ile kwamba huenda Hamisi alisema kweli kuhusu dhahabu, kwa sababu sikuwahi kuona mtu akiogopa hivyo kitu kisicho na thamani.

Ng'ambo

Jumatano tulivuka kwenda Busisi. Pantoni ilibeba lori moja, ng'ombe sita na watu wengi, na Bibi Marta akapewa kiti, akakikataa, akampa mama mjamzito. Hapo katikati ya maji, ng'ombe wakikojoa karibu na viatu vyake, akanieleza. Nitaiweka kwa Kiswahili changu, kwa sababu chake kilikuwa cha vipande vipande.

Mumewe alikuwa mchimba dhahabu mdogo, kabla ya vita, kwenye kilima cha Nyalubungo, mwendo wa nusu siku kutoka Geita. Hawakuwa matajiri. Walikaa miaka minne katika nyumba ya udongo. Jirani yao alikuwa mwanamke wa Kisukuma, Minza, ambaye sasa lazima anaitwa Mama Sayi, kwa sababu mtoto huyo alizaliwa wakati wao na Bibi Marta ndiye aliyempokea mikononi, mkunga akiwa amechelewa mtoni. Hawakuwa na lugha moja. Minza alimfundisha kupanda viazi kwa matuta, wakilima pamoja, kila mmoja akisema lugha yake siku nzima na hakuna aliyechoka.

Halafu mume akashikwa na homa, ile ya kukojoa maji meusi. Lori la kumchukua lilikuja alfajiri. Bibi Marta alikaa nyuma ameshika kichwa cha mumewe. Lilipokuwa linageuka akamwona Minza amesimama shambani na jembe, anatazama.

"Mimi hapana inua mkono," aliniambia. Akainua mkono wake pale kwenye pantoni kunionyesha ni jambo dogo kiasi gani. "Hivi tu. Mimi hapana."

Mume alifia Mwanza. Yeye akapelekwa kwao. Akasema kwamba tangu siku hiyo anajua aliondoka vibaya, na mtu aliyeondoka vibaya hapati raha anakokaa. Alikuwa amesikia zamani kwamba huku mgeni akiondoka husindikizwa mpaka njia panda, na huko ndiko watu wanakoagana. Anataka Minza, kama yupo hai na kama anakubali, amsindikize mpaka barabarani. Waagane. Baada ya hapo hatarudi tena, atakaa kwao atulie, na watoto wake wataacha kusema.

Basi ndugu zangu, hiyo ndiyo dhahabu aliyoifuata.

Lori la Geita

Kutoka Busisi tulipanda lori la pamba lililokuwa linakwenda Geita likiwa tupu. Lilikwama matopeni mara mbili. Mara ya pili tulishuka wote tukakata matawi. Alikuwepo kijana mmoja wa Biharamulo, mfanyakazi wa mgodini anayerudi kutoka likizo, mcheshi sana. Alimwona Bibi Marta amejitwika matawi akamwambia, "Mama, umechelewa. Dhahabu tumeshaichimba, yamebaki mashimo."

Bibi Marta akamjibu, "Mimi kuja kwa viazi."

Lori zima lilimcheka yule kijana mpaka Sengerema. Hata hivyo ndiye aliyemtafutia mahali pa kulala Geita, nyumbani kwa mama mmoja Mkristo muuza maandazi. Mimi nililala kwake kambini. Nasema hivyo ili isionekane kwamba alikuwa na dharau. Alhamisi mvua ilinyesha kutwa, mto wa njiani ukajaa, tukangoja. Mama wa maandazi alitupikia maharage na akamwuliza Bibi Marta hivyo viatu ni vya nani. Akasema ni vya marehemu.

Nyalubungo

Ijumaa tulitembea. Njia ilikuwa ya kupanda, nyasi zimetufika kifuani, na kadiri tulivyokaribia Bibi Marta alizidi kwenda taratibu. Nilikuwa na wasiwasi mmoja tu: kwamba tutaonyeshwa kaburi. Nilikuwa nimekwisha kupanga maneno ya kusema.

Lakini Mama Sayi alikuwepo, yupo shambani, amepinda mgongo. Ni mwanamke mfupi, mnene, ana pengo mbele. Alisimama, akamtazama Bibi Marta tangu viatu mpaka nywele. Mimi nikasalimia kama mama yangu alivyonifundisha, "Mwadila," maana ilikuwa mchana, akaitikia, akaniuliza mimi ni wa ukoo gani, nikamweleza. Yote haya bila kumwondolea mwenzake macho. Halafu akaweka jembe chini mbele ya Bibi Marta, akasema kwa Kisukuma, "Tuta lako limeota magugu."

Nikatafsiri. Bibi Marta hakuelewa, nikatafsiri tena. Mama Sayi akanyosha kidole. Pembeni ya shamba kulikuwa na tuta moja refu la viazi, limejitenga kidogo na mengine, na kweli lilikuwa na magugu.

Baadaye bintiye, Sayi, ambaye ameolewa boma la pili na alikuja mbio aliposikia, alinieleza. Mwaka ule Bibi Marta alipoondoka aliacha tuta moja alilopanda mwenyewe. Mama yake hakulichanganya na mengine. Kila msimu anakata mbegu kwenye tuta hilohilo na kupanda upya hapohapo, na viazi vyake anavikata michembe, vile vipande vya kukausha, mbali na vingine na kuvianika mbali. Wanavila, hawavitupi, lakini vinaitwa vya Marta. Majirani walimcheka miaka mingi. Sayi mwenyewe alikuwa akichekwa na wenzake mtoni kwamba mama yake anamlimia mzimu wa Kizungu.

Bibi Marta hakulia wala hakumkumbatia mtu. Alivua koti, akashika jembe, akaanza kupalilia kwa yale mavazi ya safari. Mama Sayi akachukua jembe lingine akaingia tuta la pili. Nilingoja kuitwa kutafsiri. Hakuna aliyeniita. Walikuwa wanaongea, kila mmoja lugha yake, na mimi nikaona sina kazi, nikaenda kukaa na shemeji yake Mama Sayi, mzee wa makamo aliyekuwa anasuka kamba. Nikamsaidia kushika ncha.

Siku tatu

Tulikaa Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Bibi Marta alilala nyumbani kwa Mama Sayi, mimi kwa shemeji. Tulikula ugali wa mtama, mlenda, maziwa ya mgando, na siku ya Jumamosi walichinja kuku, ambaye Mama Sayi mwenyewe hakumgusa. Mvua ilikuwa ikija alasiri na kuondoka.

Jumapili jioni, jua likiwa bado lipo, Bibi Marta akaniita. Alikuwa amejiandaa. Alisema kesho tunaondoka, kwa hiyo nimwombe Mama Sayi amsindikize mpaka barabara kubwa, kama wanavyosindikizwa wageni, na huko atamwomba radhi. Aliniomba niseme vizuri.

Nikaenda. Mama Sayi alikuwa anasugua chungu kwa mchanga. Nilisema vizuri, kwa heshima zote. Hakuinua kichwa.

"Mwambie simsindikizi," alisema. "Hata hatua moja."

Bibi Marta alikuwa amesimama hatua nne kutoka kwetu, ameshika mikono yake, ananitazama mdomo. Nilimfikiria alivyosimama Dar es Salaam akarudi, alivyosimama Mwanza akarudi. Nikafikiri pia, labda kwa kujitetea tu, kwamba mkalimani si mjumbe wa matusi. Nikageuka nikamwambia, "Anasema mguu unamuuma. Hawezi kutembea mpaka barabarani."

Hilo ndilo kosa langu na hakuna aliyenituma.

Bibi Marta alisikitika sana. Akakimbilia sandukuni, akarudi na kopo la dawa ya kuchua, akapiga magoti mbele ya Mama Sayi, akamshika mguu na kuanza kuuchua. Mama Sayi akanitazama mimi. Nikatazama kuku. Basi akaacha chungu, akaunyosha mguu, akatulia. Ulipokwisha kuchuliwa akanyosha na wa pili. Bibi Marta akauliza kama yote miwili inauma, nikasema ndiyo. Uongo ukishaanza unadai kutunzwa kama mtoto mchanga.

Usiku nililala vibaya, nikamwambia shemeji kila kitu. Yeye akaendelea kusuka kamba yake gizani, akasema mambo ya wanawake wale yalimshinda tangu zamani.

Asubuhi ya kuondoka

Jumatatu kulipambazuka safi. Bibi Marta alikuwa uani amefunga sanduku, na mimi nilikuwa nakaza kamba, ndipo Mama Sayi alipotokea kwenye njia ya mtoni. Njia hiyo ina mwinuko mkali na mawe. Alikuwa amejitwika mtungi uliojaa, ana kuni mkononi, anapanda kwa mwendo wa msichana, na bado ana pumzi ya kumkaripia mbuzi aliyekuwa njiani.

Bibi Marta akamtazama. Halafu akanitazama mimi.

"Mguu?" alisema.

Nikamweleza. Sikujificha nyuma ya kitu. Nilimwambia mguu hauna kitu, haukuwa na kitu, na maneno yenyewe yalikuwa haya na haya, na mimi niliogopa kuyafikisha. Alipauka. Hakunikasirikia, afadhali angenikasirikia. Alisema polepole, "Basi yeye kasirika mimi. Ni haki." Akainama kuchukua sanduku lake aende.

Hapo nikaona nimekwisha kuharibu kwa kusema na nimeharibu kwa kuficha, basi lililobaki ni kuuliza. Nikamwendea Mama Sayi, nikamsaidia kutua mtungi, nikamwambia, "Mayu," yaani mama, "mwenzako anasema una haki ya kumkasirikia."

"Nimkasirikie kwa lipi?"

"Umekataa kumsindikiza. Na jana nilimwambia ni kwa sababu ya mguu."

Mama Sayi alitazama miguu yake. Akaelewa. Alicheka mpaka akashika ukuta, na nusu ya maji ikamwagika kwa sababu aliuegemea mtungi. Alisema alidhani ndivyo Wazungu wanavyoaga, kwa kuchuana miguu, na usiku kucha alikuwa anafikiri kama ni juu yake naye kumchua Marta ya kwake. Nilipotafsiri hayo Bibi Marta hakucheka. Alikuwa bado ameinamia sanduku.

Mama Sayi akaacha kucheka. Akakaa kwenye kinu kilicholala, akaniambia nitafsiri neno kwa neno, nisiweke sukari.

"Alipoondoka na lile lori watu walikuja hapa wakasema, Mzungu wako amekimbia, hata kukuaga hakukuaga. Nikawauliza, nani alimsindikiza? Wakasema hakuna. Nikawaambia, basi hajaondoka. Mgeni anasindikizwa. Mtu aliyekwenda kuteka maji hasindikizwi. Nimesema hivyo miaka yote hii na wamenicheka. Leo nimsindikize mpaka barabarani mchana kweupe, wote wananiona? Atakuwa ameondoka. Na lile tuta nimpe nani?"

Nilitafsiri neno kwa neno.

Bibi Marta aliketi juu ya sanduku lake. Halafu akaniambia niulize jambo moja tu: siku ile, alfajiri, Minza aliona kwamba yeye hakuinua mkono?

"Niliona," akasema Mama Sayi. "Mimi pia sikuinua. Nilikuwa na jembe."

Nimelifikiria jibu hilo tangu siku ile na sijui lina kina gani. Inawezekana lilikuwa ni kweli tupu, kwamba alikuwa na jembe. Inawezekana pia kwamba wakati ule aliumia, akajitengenezea neno la kuwajibu majirani, na neno lile akalilima mwaka baada ya mwaka mpaka likawa kweli. Wala sijui kama ni desturi. Wasukuma niliowauliza hapa mjini wamebishana, wengine wanasema hata mtu wa nyumbani husindikizwa akienda mbali. Mimi ninaandika alichosema.

Alimfungia Bibi Marta michembe katika kitambaa, ya tuta lake, iliyoanikwa mwaka jana. Akanipa na mimi fungu, kubwa zaidi ya nilivyostahili. Halafu akachukua jembe lake akaingia shambani, akatupa mgongo. Bibi Marta akatwaa sanduku upande mmoja na mimi mwingine. Alisema, kwa yale maneno machache ya Kisukuma aliyokuwa bado anayakumbuka, kwamba anakwenda mara moja. Mama Sayi akajibu bila kugeuka kwamba magugu hayamngoji mtu, asikawie.

Tulitembea peke yetu. Hakuna hata mtoto aliyetufuata, nadhani walikatazwa. Kwenye kona, ambapo shamba linaonekana kwa mara ya mwisho, nilimtazama Bibi Marta nione kama atainua mkono. Hakuinua. Alikuwa anatazama njia, kama mtu aliyetumwa chumvi.

Kurudi

Lori halikukwama, pantoni ilikuwepo, na sina la kusimulia juu ya njia ya kurudi. Njia ya kurudi ni fupi siku zote, sijui kwa nini.

Mwanza yeye alikuwa anapanda meli ya Kisumu. Nilifika naye mpaka lango la bandari nikasimama. Nilikuwa nimejifunza kitu, na nilitaka kukitumia. Nikamwambia, "Mama, mimi nakomea hapa. Sikusindikizi."

Aligeuka akanicheka, mara ya kwanza namwona anacheka kwa meno. "Wewe, Fundi? Wewe sindikiza mimi mpaka mwisho. Wewe muongo. Mimi nataka aga wewe sawasawa."

Basi nikabeba sanduku mpaka ngazini. Nilikuwa nimetegemea kwamba katika siku zile na mimi nimekuwa mtu wake kidogo, na nakiri niliumia kiasi. Lakini alisema haki. Tukaagana kwa mikono. Nilimwuliza kama sasa ametulia, kama alivyotaka, na hatarudi tena.

"Rudi?" alisema, akaupapasa mfuko wenye michembe. "Mimi kwenda teka maji tu."

Ngokolo

Nilifika Alhamisi alasiri, mvua haikuwepo, vumbi la kwanza limeanza kuinuka barabarani. Mama Zuhura alikuwa kizingitini vilevile, safari hii anachambua karanga. Akanitazama. "Umefika," alisema, akasogeza ungo nipite.

Nilitaka kumwuliza ile asubuhi kwa nini hakuinuka. Nilikuwa na swali tayari tangu Malampaka, nimelinoa njia nzima. Lakini nilipoingia ndani niliona sahani yangu ipo mahali pake na kata ya maji imefunikwa, kana kwamba nilitoka kwenda dukani. Huenda haina maana yoyote. Huenda siku ile alikuwa amechoka tu, na mtama ulikuwa mwingi, na mvua. Mimi ni mtu wa kuona maana mahali pasipo na kitu, hilo mnalijua. Sikuuliza.

Nilimpa fungu la michembe nikamwambia limetoka kwa nani. Akaiosha, akaichemsha na zile karanga baada ya kuzitwanga, akaweka chumvi kidogo. Jioni tulikula hiyo, mimi, yeye na Zuhura, na dagaa niliowaleta kutoka Mwanza. Zuhura aliuliza kwa nini ni mitamu kuliko ya sokoni. Mama yake akasema ina mwenyewe. Ilibaki kiasi cha mtu mmoja, akaifunika na kuiweka juu ya kabati.